Mtoto wa Mwarimu

Mwalimu alikuwa akisikia kosa kabla ya kuliona. Angekuwa amewapa wanafunzi mgongo, anamimina chai, mara angesema, "Wewe wa dirishani, umebonyeza mbili kwa mpigo," na ukienda kutazama ungekuta vyuma viwili vya taipureta vimenasana kweli. Cherehani yangu ilikuwa kibarazani, upande wa pili wa ukuta wake, na kwa miaka yote tuliyokuwa majirani pale Igogo, Mwanza, sikumbuki alipokosea juu ya jambo hilo. Ninapoandika haya najua angeyasoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mimi niliishia darasa la saba. Nitaandika ninavyoweza.

Jina alikuwa nalo, lakini hata mchungaji wake alimwita Mwalimu. Makarani wengi wa mji huu walipitia mikononi mwake. Wengine walikuja kuwa wakubwa wenye madereva, na bado wakikutana naye njiani walikunja vidole kuficha kucha, kwa sababu alikuwa hataki kucha ndefu kwenye mashine.

Jambo moja niliseme mapema, maana ndilo lililotukaa rohoni mwaka ule wa mwisho wa chumba chake cha kufundishia taipu. Mwalimu alikuwa anapoteza macho. Presha ya macho, walimwambia hospitali, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Naye alikuwa na uso mmoja aliotaka kuuona tena kabla macho hayajafungwa. Uso huo ulikuwa ndani ya kompyuta yake, na kompyuta ilikataa kuutoa.

Ugomvi wake mkubwa na mji huu ulikuwa juu ya herufi mbili, L na R. Mimi ni Msukuma wa Misungwi. Mteja akija nilikuwa namwambia "kalibu", na kila niliposema hivyo sauti ilipenya ukutani: "Fundi! Karibu! Ulimi utetemeke!" Mteja alicheka, nami nikarudia. Halafu kulikuwa na mtu wa Musoma, mkaguzi katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, ambaye sote tulimwita Bwana Samaki. Ugonjwa wake ulikuwa kinyume cha wangu. Aliingia na "Shikamoo Mwarimu," na Mwalimu hakuitikia mpaka aseme vizuri.

"Shikamoo Mwa... Mwa-li-mu."

"Marahaba. Umekula nini leo?"

"Nimekura sato."

"Toka nje uingie tena."

Mtu mzima, mwenye kazi yake, alitoka nje akaingia tena. Siku moja Mwalimu alitutazama sote wawili tumesimama mlangoni, akasema, "Ninyi mngechanganywa kwenye sufuria moja, angetoka mtu mmoja anayejua Kiswahili."

Yeye mwenyewe alikuwa Mhaya, Mlutheri wa ng'ambo ya ziwa, na aliniambia kwamba ulimi wake waliunyoosha walimu wa zamani kwa fimbo. Ulikuwa umenyooka kweli. Nilisikia umepinda mara moja tu, nitafika huko.

Alifundisha kwa kitambaa. Nilimshonea mimi, vitambaa vyeusi vinavyofungwa shingoni kama vya kinyozi, vikafunika mikono ya mwanafunzi pamoja na mashine, ili asitazame herufi. "Macho ni ya karatasi," alisema. "Vidole vina macho yao." Nilimsikia akirudia hayo asubuhi na jioni mpaka nikayajua bila kufundishwa: L ni ya kidole cha pete cha kulia, R ni ya kidole cha shahada cha kushoto, hatua moja juu. Nilipokuwa natia uzi kwenye sindano nilijikuta navichezesha vidole hivyo.

Wakati huo bado alikuwa na kazi ya asubuhi, katibu muhtasi katika shirika moja la umma. Shirika likauzwa, wakapewa mkono wa kwaheri, na wenzake wengi wakaingia kwenye mitumba. Yeye akabaki na chumba. Kisha ofisi za mji zikaanza kutoa taipureta nje. Moja niliiona mtaa wa pili inazuia mlango usibamizwe na upepo. Mwalimu alisimama pale akaitazama kwa muda, akaingia ndani akamwambia mwenye ofisi, "Hiyo ina mkono wa watu," akaondoka. Haikupita muda akauza za kwake, akanunua kompyuta iliyokwisha tumika na laini ya simu. Watu wakasema mama yule amechanganyikiwa. Akajifunza mwenyewe, na akaanza kuikaripia kompyuta kama alivyowakaripia wanafunzi.

Watu walikuja kwake kuingia mtandaoni kwa laini hiyo, nayo simu ililipiwa kwa dakika, kwa hiyo hakuna aliyesoma akiwa mtandaoni. Ukurasa ulifunguliwa, ukahifadhiwa haraka, simu ikakatwa, halafu mteja akasoma kwa utulivu au akaondoka nao kwenye disketi. Sasa kila ukurasa uliohifadhiwa ulileta vitu viwili. Kwanza faili lenye maneno. Pili, kando yake, folda yenye jina lile lile, na ndani ya folda ndimo zilimokaa picha na mistari na vikorokoro vyote vya ukurasa. Wateja walichukua faili wakaacha folda. Walifika Sengerema au Geita, wakafungua, wakakuta maneno peke yake, na mahali pa picha pana vijisanduku vitupu. Wakarudi na hasira.

"Umeuacha mzigo," Mwalimu aliwaambia. "Abiria na mzigo wake, pantoni moja."

Msemo huo ulikuwa na asili yake. Zamani, alipokuwa anahamia Mwanza kwa barabara, basi lake lilifika Busisi likakuta foleni. Abiria walishushwa, wakavuka kwa pantoni kwa miguu, basi likabaki ng'ambo na mizigo yao. Pantoni ikaharibika. Wenzake wakapanda magari mengine upande wa Kigongo, wakaenda zao kupitia Usagara, wakisema mizigo itafuata. Mwalimu alikuwa na taipureta kwenye basi lile. Alikaa juu ya jiwe pale Kigongo, akitazama upande aliotoka, mpaka kesho yake basi lilipovuka. Baadhi ya wale waliotangulia hawakuiona tena mizigo yao. Tangu hapo alikuwa hamwamini mtu anayesema kitu kitafuata.

Alikuwa na sheria ya pili: mzigo wa mtu haufunguliwi. Mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye bidii ya usafi, aliwahi kufungua folda akakuta humo vipande vipande, kistari hapa, kidoti pale, kimshale, akadhani ni takataka akafuta. Mteja, muuguzi aliyekuwa amehifadhi ukurasa wenye mchoro wa namna ya kumlaza mgonjwa, akakuta mchoro haupo. Tangu siku hiyo ilikuwa marufuku. Folda unaibeba, unaihamisha, huifungui. Hata yeye mwenyewe hakufungua.

Mtu akisoma hapa atadhani alikuwa mama mkavu. Hapana. Alimlisha kila aliyeingia. Senene zikiletwa kutoka kwao alinipa kwenye karatasi ya taipu yenye makosa ya wanafunzi, nami nilikula huku nikisoma. Alisamehe ada, hakusamehe nukta. Alicheka sana, ila alicheka akiwa ameshika kalamu.

Na kalamu hiyo ilimponza. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekwenda kusoma nchi ya baridi. Kijana alimwandikia mama yake. Kuna barua moja aliiandika kwa haraka, imejaa makosa. Mwalimu akaisahihisha kwa wino mwekundu, akaandika chini yake "Rudia", akairudisha kwa posta. Aliniambia haya mwenyewe, amenishikia ncha ya kitambaa nikikata, bila kujitetea.

"Nilidhani atacheka," alisema. "Tulikuwa tunataniana hivyo tangu yuko mdogo."

Kijana hakuandika tena. Miaka ikapita. Jioni Mwalimu alikuwa na kawaida ya kusali kwa sauti kabla ya kufunga chumba, akiwaombea walio safarini, kila mmoja kwa jina, na jina la mwanawe lilikuja la mwisho. Nilikuwa nalisikia ukutani nikikunja kazi yangu.

Kisha ikaja miezi ile samaki wetu walipokataliwa Ulaya. Viwanda vilinyamaza, na Bwana Samaki akawa haondoki kwa Mwalimu. Mabosi wake walitaka kila ukurasa wa masharti ya wazungu, naye alizileta disketi kwenye mfuko wa shati, akahifadhi, abiria na mzigo, abiria na mzigo. Siku moja alimaliza mapema.

"Mwarimu," akasema, "humu watu wengi wamo. Hakuna mtu wa kukutafutia?"

Hata hakumsahihisha. Nilisimamisha cherehani. Halafu nikamsikia anataja jina la mwanawe, herufi moja moja, kama anamsomea mwanafunzi imla.

Walimpata. Ulikuwa ukurasa wa kanisa dogo la huko, na juu yake picha ya watu wamesimama mbele ya mlango, theluji imewafika magotini, wengine wameshika masepetu. Chini ya picha yaliandikwa majina, na la tatu kutoka kushoto lilikuwa lake. Mwalimu aliniita. Nilimkuta ameweka kiganja chote kwenye kioo cha kompyuta, na Bwana Samaki anaandika jina la kuuhifadhia ukurasa, haraka, kwa sababu dakika zinakwenda. Simu ikakatwa. Walituma ujumbe kwenye anwani iliyokuwa chini ya ukurasa, ukarudi wenyewe: anwani hiyo haitumiki.

Lakini picha ilibaki. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, aliifungua. Jina la mwanawe likaendelea kutajwa jioni. Macho yalikuwa yanapungua, akawa anakaa karibu zaidi na kioo kila mwezi, lakini sikumsikia akilalamika.

Kiwanda kikapunguza watu na Bwana Samaki akarudi kwao Musoma. Haukupita muda, asubuhi moja nikasikia kiti kinaanguka.

"Imemra!" Mwalimu alipiga kelele. "Fundi! Kompyuta imemra mwanangu!"

Hiyo ndiyo mara moja niliyoisema, ulimi wake kupinda. Niliingia mbio. Ukurasa ulikuwa wazi, majina yote yapo, la tatu lipo. Juu ya majina, mahali pa watu wale, palikuwa peupe, na pembeni kijisanduku chenye msalaba mdogo mwekundu.

"Unaona?" aliniambia kwa sauti ya chini. "Sanduku. Na msalaba."

"Mayo!" Kisukuma kilinitoka. "Mwalimu, usiseme hivyo. Ni mashine tu."

"Jina limebaki, mtu hayupo, pana sanduku na msalaba. Wewe ungesomaje?"

Faili lilikuwapo. Folda ilikuwapo kando yake, jina kwa jina. Aliikagua mara nyingi, uso umegusa kioo. Hakuna mzigo ulioachwa. Akapiga simu ya mtandao kuutafuta ukurasa kule ulikotoka, na huko haukuwapo tena. Waliokuwa nao walikwisha uondoa. Ile iliyokuwa ndani ya kompyuta ilikuwa picha pekee.

Jioni ile aliwaombea walio safarini, mmoja mmoja. Alipofika mwisho aliliruka jina la mwanawe, akasema amina. Kwao Walutheri hawawaombei wafu. Nilibaki nimeshika mkasi.

Akaja fundi wa kompyuta kutoka katikati ya mji, kijana mwenye miwani ya jua kichwani. Alibonyeza hapa na pale.

"Mama, hii ina virusi."

Wateja wawili waliokuwa wamekaa walitazamana. Siku zile neno hilo lilikuwa na maana moja tu, nayo ilizika watu kila wiki. Mmoja alitoa leso akafuta vidole.

"Nitafuta kila kitu niipange upya," fundi akaendelea. "Itakuwa kama mpya."

"Hutafuta kitu," alisema Mwalimu. "Humu kuna mtu."

"Mtu?"

"Umesikia."

"Basi nichungulie hii folda kwanza."

"Mzigo wa mtu haufunguliwi. Ahsante, kijana. Nenda."

Alikwenda akinung'unika kwamba wazee hawa ndio wanaorudisha nchi nyuma. Mwalimu akachukua kitambaa cheusi, kimoja cha vile nilivyomshonea, akaifunika kompyuta. Habari za virusi zikazunguka Igogo kabla ya jua kutua, na wateja wakapungua. Hakuifunua. Niliogopa siku ambayo mwenye nyumba angemtaka ahame, au umeme ungekatika na kurudi kwa nguvu ukaiunguza mashine ile, na huku macho yanazidi kufifia. Sasa alikuwa anaona, alivyosema mwenyewe, kama mtu anayechungulia kwenye bomba: alichokielekea tu, kando kote giza.

Niseme ukweli kabla sijafika mwisho. Mpaka tunamzika Mwalimu hatukupata habari nyingine ya mwanawe. Sijui kama yu hai, sijui kama alijua kwamba mama yake amefariki. Picha si mtu. Wapo wanaonisimulia kwamba alipata barua, kwamba kijana alikuja. Si kweli, nilikuwapo. Ninachoweza kusimulia ni mchana mmoja.

Viwanda vilikuwa vimefunguliwa tena, na Bwana Samaki alirudi Mwanza. Alikuja moja kwa moja kutoka stendi, sato wawili kwenye mfuko wa nailoni, akasimama mlangoni.

"Shikamoo Mwalimu." Alilisema vizuri kabisa, nadhani alilifanyia mazoezi njia nzima.

"Marahaba," Mwalimu alijibu bila kugeuka. "Umekula nini?"

"Bado sijakura."

Nilimvuta kibarazani nikamweleza yote. Aliingia, akaondoa kitambaa cheusi, akawasha. Mwalimu alikaa nyuma yake mikono mapajani. Mimi nilisimama. Kompyuta ile ilikuwa inachukua muda mrefu kuamka, ikakoroma mpaka ikamaliza.

"Nani kabadirisha jina hapa?"

"Badilisha," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, nani?"

"Mimi. Uliandika 'mtoto wa mwarimu'. Kwenye mashine yangu! Sikuona siku ile, nilikuwa natazama picha. Nilipoona nikasahihisha. Faili na folda, vyote viwili, sikuacha kitu nyuma."

Bwana Samaki alianza kucheka. Kicheko kikamfia mdomoni. Aligeuza kiti akamtazama.

"Mama yangu, nisikirize. Ukurasa umeandikwa ndani yake jina ra mzigo wake. Siku ire niriusevu kwa 'mwarimu', ukajiandika hivyo hivyo. Mpaka reo umesimama gatini unaita, mzigo wa mwarimu! Mzigo wa mwarimu! Na mzigo uko pare pare, ira umeupa jina ringine. Hauitiki."

Hakuna L hata moja iliyotoka salama, na Mwalimu aliziacha zote zipite.

"Kwa hiyo yumo," akasema.

"Yumo. Nikifungua forda nakutorea picha sasa hivi, peke yake."

"Peke yake sitaki. Nataka na jina lake chini."

"Basi jina ra forda rirudi ririvyokuwa."

"Pamoja na kosa?"

"Pamoja na kosa."

Mwalimu aliinuka. Kisha akasema, "Toka kwenye kiti."

Aliketi, akanyoosha mgongo kama alivyowaamuru wengine kwa miaka yote, akaweka vidole mahali pake. Hakutazama herufi wala kioo. Bwana Samaki alimfungulia jina la folda, naye akaandika. Nilifumba macho, kwa sababu nilimzoea kwa masikio. M, T, O, T, O. Nafasi. W, A. Nafasi. M, W, A. Halafu kimya. Nilijua kidole cha pete cha kulia kipo juu ya L, na kwamba hakijawahi kuambiwa kikae. Nilisubiri. Ndipo nikasikia kitufe cha upande mwingine kabisa, cha mkono wa kushoto, kikagongwa kwa nguvu.

"Imetosha hapo, fairi riache tu," alisema Bwana Samaki.

"Abiria aitwe hivi na mzigo vile? Nifungulie na la faili."

Akaandika tena, na safari hii hakusita.

Bwana Samaki alibonyeza. Ukurasa ukafunguka mweupe. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, taratibu: anga, paa, mlango, vichwa vya watu. Mwalimu alisogea mpaka pumzi yake ikapaka ukungu kwenye kioo, nikaufuta kwa upindo wa khanga. Alianza kushoto, akichungulia kwenye bomba lake. "Mmoja," alisema. "Wa pili." Halafu akasimama pale, na hatukumharakisha.

Baada ya muda alisema, "Fundi. Koti lake. Wewe ndiye unayejua nguo."

Niliinama kando ya shavu lake. "Koti zito, Mwalimu. Kitambaa kizuri, na limemkaa mabegani."

"Vifungo?"

Ningeweza kusema vizuri tu. Lakini yeye hakuwahi kunidanganya. "Amekosea tundu la juu," nilisema. "Upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka."

Kidole chake kilikwenda kwenye kioo, polepole, kikapapasa, kikafika shingoni mwa kijana, pale pale kwenye kifungo. Nilingoja aseme.

"Mwache," alisema. "Mwacheni hivyo hivyo."